Ngumi Yenye Shimo

Ndugu zangu, mkiona natetemeka msidhani ni baridi ya huku Karatu. Ni woga. Haya sijawahi kuyasema mbele za watu, hata hapa kanisani.

Binti yangu mnamfahamu, yule mfupi, uso wa mviringo, ameketi pale kwa akina mama. Nimemwuliza, akaniambia, "Sema tu, mama." Alipokuwa mdogo tulikaa kijijini Qurus, akaanza kuanguka. Mikono inakakamaa, macho yanageuka, povu. Jamani, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi! Wengine wakasema kifafa, wengine laana. Na mnajua kwetu Wairaqw nyumba ikidhaniwa ina balaa: hupewi moto, hupewi maziwa. Ng'ombe tuliyemkamua alikuwa wa shemeji yangu, ametuwekea tumtunze kama desturi yetu ilivyo. Akaja asubuhi na kamba.

"Shemeji, usinune," akasema. "Nikimwacha ng'ombe hapa atakauka maziwa."

Akamfunga, akaondoka naye. Mtoto akianguka njiani watu walisimama mbali, wakiogopa lile povu. Akienda kuchota maji, roho yangu iko juu juu: leo ataangukia mtoni, leo ataangukia motoni. Kisha mama mkwe akataka mtoto ajengewe kibanda shambani, alale peke yake. Akiangukia humo, nani atamwona? Nikambeba mgongoni, nikapanda lori la mahindi hadi hospitali.

Daktari akamgonga kwa kidole mbele ya sikio, mdomo ukaruka! Akamfunga mkononi ule mpira wa kupimia presha, akaujaza, tukasubiri. Mara vidole vikajikusanya vyenyewe, kama vya mtu anayetaka kuingiza mkono kwenye kibuyu. Nikapiga kelele, "Yesu wangu, pepo limekuja!" Nikataka kumnyakua nikimbie.

"Tulia, mama. Hakuna pepo, ni madini ya kalsiamu yamepungua kwenye damu. Mwanangu, hebu kunja ngumi."

Akakunja. Vifundo vikatokeza, ila penye kidole cha pete palikuwa na shimo.

"Na wewe, mama, kunja."

Weee! Mkono wangu huu, niliolimia miaka yote, una shimo lile lile.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemroga?"

"Hujamroga mtu. Umemrithisha, kama ulivyorithi wewe; shimo hilo ndiyo alama yake. Kuna vitezi shingoni vinavyouambia mwili utunze hayo madini. Vinaita, mwili wake hauitiki. Wako unaitika."

Damu ikapelekwa kupimwa mjini, majibu yakawa hayo hayo. Akaanza dawa, anameza hadi leo. Kuanguka kukakoma.

Namshukuru daktari yule. Namshukuru mume wangu, aliyekataa kukata hata mti mmoja wa kile kibanda. Na jirani yangu mmoja, simtaji, aliyekunywa maziwa kikombe kimoja na mwanangu mbele ya watu, wakati ndugu zetu bado wanatukwepa. Mungu amzidishie.

Ninalowaambia ni hili: mtoto akianguka, mpelekeni hospitali kabla hamjamtafutia mchawi.

Lakini woga wangu haujaisha. Binti yangu ni mjamzito. Daktari alituambia mapema, mtoto wake anaweza kurithi. Usiku silali vizuri, nawaambia ukweli. Kwa hiyo pamoja na maombi yenu nina ombi moja: mjukuu wangu akianguka njiani, msisimame mbali. Mlazeni ubavu, mshikeni, halafu mniite.