Shangazi wa Chumba cha Baridi na Siku Diski Zilipotoweka

Tarehe thelathini mwezi huu, fundi mkuu wetu wa kompyuta anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na mmoja. Ofisi ya utumishi inalo jina lake kamili, lakini ukiliita kwenye korido hakuna atakayegeuka. Kwetu sote, kuanzia mganga mkuu hadi walinzi wa getini, yeye ni Shangazi. Nimeombwa kuandika wasifu huu mimi, muuguzi wa wodi ya tiba ya mionzi, mtu anayezijua kompyuta kwa kuzipiga kofi. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu mlango wa wodi yangu unatazamana na wake.

Alianza kazi kama mpiga chapa wa masjala. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa hapa ilikaa wiki kadhaa imefunikwa shuka, maana kila mkubwa aliogopa kuwa yeye ndiye atakayeiharibu. Shangazi aliifunua. Akapelekwa kozi, akarudi, akapelekwa nyingine, kisha akajisomea shahada ya jioni huku akilea watoto wawili. Mumewe ni fundi cherehani, na ndiye aliyeshona vifuniko vya mashine zetu zote. Mpaka leo printa ya mapokezi imevaa vizuri kuliko baadhi yetu.

Chumba chake ni kile kidogo mwishoni mwa korido, kinachohifadhi seva, kompyuta kuu ya hospitali, na ubaridi wa kutosha kugandisha siagi. Humo alivaa sweta lake la kijivu mwaka mzima, hata jua lilipokuwa linapasua vichwa huko nje. Marehemu mama yake alikuwa akiwaambia majirani kwamba binti yake anafanya kazi ndani ya friji, na wapo walioamini. Chai haikuvuka mlango ule. Mganga mkuu mwenyewe aliwahi kuachishwa kikombe chake pale kizingitini, akakitii kizingiti.

Alikuwa na sharti moja ambalo hakuna aliyelipenda mwanzoni. Mashine ikigoma, hakuna ruhusa ya kuizima na kuiwasha tena hivi hivi kwa kubahatisha. Kwanza mtu mmoja asome kwa sauti kila mstari ulioko kwenye skrini, kuanzia juu, na mwenzake aurudie kwa maneno yake mwenyewe. Sisi wa ng'ambo ya korido tuliwasikia, yeye na fundi msaidizi wake, wakisoma kama watoto wa darasa la kwanza, na tulicheka sana. Kicheko hicho kilikatika siku moja, miaka tisa iliyopita, na naomba niieleze siku hiyo vizuri.

Seva ile ndiyo inayotunza kumbukumbu za wodi yangu. Mgonjwa wa mionzi hupewa tiba kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na seva ndiyo inayojua kila mmoja amekwisha pokea kiasi gani. Bila hesabu hiyo huwezi kuendelea, kwa sababu ukizidisha unaunguza mtu, na ukipunguza unauacha ugonjwa upate nguvu. Nakala ya akiba ya mwisho ilikuwa imepitwa na wakati, kwani mashine ya kunakilia ilikuwa imepelekwa kutengenezwa. Asubuhi hiyo seva, ambayo inaendeshwa na mfumo uitwao Linux, ilikuwa imesasishwa, ikazimwa, ikawashwa, na haikurudi. Kwenye skrini ulibaki ujumbe kwamba hakuna diski hata moja inayoonekana.

Benchi letu lilikuwa limejaa. Mmoja wa waliokaa hapo alikuwa mwalimu wa chekechea, mama wa makamo, aliyekuwa katikati ya tiba yake na uvimbe ulikuwa umeanza kunywea. Yule ndiye aliyenikaa moyoni siku ile. Nilijua kwamba rekodi zikipotea tutalazimika kumwambia tumepoteza mahali tulipofika.

Mtaalamu wa kampuni iliyotuuzia seva alipigiwa simu. Kwa maelezo aliyopewa, akashauri diski zihesabiwe kuwa zimekufa, ziandaliwe upya na kazi ianze moja. Kuandaa upya maana yake ni kufuta. Mganga mkuu, akiwa na benchi zima la watu mbele yake, alikuwa tayari kukubali. Shangazi akamwomba asubiri, kwa sababu bado hakuna aliyesoma.

Wakaiwasha seva kwa namna inayoonyesha kila mstari, na wakaanza masomo yao. Yeye alisoma, msaidizi akarudia. Mbali kabisa juu ya ule ujumbe wa diski kulikuwa na mstari mdogo ambao wote tuliuruka. Ulisema kwamba kadi inayodhibiti diski imeomba programu dhibiti yake na faili lake halikupatikana. Baadaye Shangazi alinieleza mimi mzito wa mambo haya. Kadi hiyo huamka ikiwa haijui kitu, na lazima ilishwe programu hiyo ndipo iweze kuziona diski. Programu hukaa ndani ya kifurushi kidogo ambacho Linux hukifungua mwanzo kabisa wa kuwaka. Safari hii kifurushi hakikuwa nayo. Nakala nyingine ilikuwepo, lakini ilikuwa ndani ya diski zilezile ambazo kadi ilikuwa bado haizioni. Ni sawa na kuufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Diski zilikuwa nzima. Hilo lilikuwa jambo la kushangilia, na msaidizi alianza kushangilia, kisha akaona kwamba mwenzake amerudi kuusoma mstari uleule. Shangazi alikuwa amekumbuka. Siku chache nyuma, ile sehemu ya kuwashia, kihifadhi kidogo kilicho nje ya diski hizo, ilikuwa imejaa na sasisho likakataa kuingia. Naye, kwa usafi wake tunaoujua, akafagia. Alifuta matoleo ya zamani ya Linux ambayo yangetuokoa siku hiyo, na akakipunguza kifurushi kwa kutoa faili alizodhani hazina kazi. Mwenyewe, kwa mkono wake, alikuwa ameitoa programu ya kadi ile.

Angeweza kunyamaza. Kampuni ilikwisha sema diski ndizo mbovu, na hakuna kati yetu ambaye angejua tofauti. Badala yake alimwambia mganga mkuu mbele yetu, kisha akatoka na sweta lake mpaka kwenye benchi la wagonjwa, jambo ambalo hakuna aliyemtuma kulifanya.

“Kosa ni langu, si la mashine,” aliwaambia. “Nilitupa kitu kilichokuwa kinahitajika. Natafuta namna ya kukirudisha, na sijui kama nitaweza.”

Nilitazama chini, kwa kweli nilimwonea huruma kuliko wagonjwa. Mwalimu wa chekechea ndiye aliyemjibu.

“Basi rudi ndani ukatafute, mwanangu. Sisi tutakaa.”

Akarudi. Seva iliwashwa kwa Linux iliyokuwa kwenye flashi, ambayo ilikuja na programu dhibiti za kila aina, na diski zikaonekana zote. Wakaingia kwenye mfumo wetu kupitia mlango huo wa nyuma, wakairudisha programu mahali pake, wakakifunga kifurushi upya na kuiwasha seva yenyewe. Ikagoma tena. Wakasoma tena. Safari hii programu ilipatikana ila toleo lake halikupatana na Linux mpya, na hapo yule mtaalamu wa kampuni, aliyekuwa ameacha shughuli zake na kuja mbio, alitafuta toleo sahihi na kulileta. Haki yake nampa. Seva iliporudi, rekodi zilikuwemo zote, na mwalimu aliingia chumba cha tiba jioni ileile.

Shangazi alipewa onyo, akalipokea bila kulalamika. Tangu hapo nakala za akiba huchukuliwa kila siku, toleo moja la zamani la Linux halifutwi kamwe, na kila fundi mpya husimuliwa kisa hiki na Shangazi mwenyewe, akianzia pale alipokosea. Mwalimu alimaliza tiba yake, akarudi darasani, na akaishi miaka sita mingine. Kila alipokuja kupimwa aligonga mlango wa chumba cha baridi na kusalimia bila kuingia. Alipofariki, Shangazi alikwenda mazishini, akasimama nyuma kabisa.

Wiki iliyopita seva ilipaswa kusasishwa tena, kazi ya kwanza ya msaidizi wake tangu akabidhiwe cheo. Sote tulitarajia kwamba Shangazi ataingia kusimamia. Hakuingia. Alilivua sweta, akalitundika kwenye msumari wake, akatoka na kuketi kwenye benchi katikati ya wagonjwa wanaosubiri, mikono mapajani. Mlango uliachwa wazi. Tulimsikia mrithi wake akisoma mstari kwa mstari, na fundi mwenzake akirudia, mpaka waliposoma kwamba programu ya kadi imepatikana na diski zote zinaonekana. Shangazi alifuta macho kwa kiganja. Bibi aliyeketi karibu naye alimuuliza kama anaumwa, akasema hapana, alikuwa anasubiri tu zamu yake.

Shangazi, kwa niaba ya wodi zote, asante kwa kazi, na asante zaidi kwa siku ile uliyotoka nje kutuambia ukweli. Mungu akupe afya, akupe usingizi mzuri, na miaka mingi ya kukaa juani bila sweta. Sweta lenyewe tumeliacha kwenye msumari. Nasi tutasoma kwanza.