Bustani ya Nyuma ni ya Hilaria

Sogezeni viti karibu, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Onesphory, kifungua mimba wangu, kaa hapa nikuone. Hilaria, niinue kidogo kwa mto. Haya ninayosema mimi Bernadina, mjane wa Bonaventura, myashike, maana sitayarudia.

Shamba la mahindi na ng'ombe wawili ni vya Onesphory. Baba yenu alisema hivyo, nami sibadilishi. Lakini bustani ya nyuma, kuanzia tangi la maji mpaka kwenye ua, nampa Hilaria. Usinikatize, Onesphory. Nilipolazwa Mbulu wiki tatu nilikuomba kitu kimoja tu, usiingize bomba la dawa mle, nikarudi nikakuta nyuki wamekauka chini ya sukuma wiki kama makapi. Ukaniambia, "Mama, kulikuwa na vidukari." Vilikuwepo, ndiyo. Vinakuja kila mwaka, nami husubiri siku saba, nane, mpaka wale wadudu wekundu wenye madoa meusi waje na watoto wao wavile. Wewe hukusubiri hata mbili. Uliwaua walaji, na sasa vidukari vimerudi peke yavyo, hakuna wa kuvigusa. Nimekufundisha hayo tangu ukiwa sekondari, ukiitikia "ndiyo, mama" huku unatazama barabarani. Nimechoka kusema.

Tena inaniuma zaidi kwa sababu kosa hilo nililifanya mwenyewe. Mwaka ule Hilaria alipopata komunyo ya kwanza, baba yenu alinunua dawa, tukapulizia maboga asubuhi, maua yakiwa wazi. Vitoto vya maboga vyote vikageuka manjano, vikadondoka vikiwa kama kidole gumba. Nikasema ni jicho la Philomena, jirani yetu, kwa kuwa siku moja kabla alisimama hapo akiyasifu. Nikalisema kisimani, nikalisema mpaka kwenye jumuiya ya sala. Alinijia hapa mlangoni akaniuliza, "Mama Onesphory, mimi nimekukosea nini?" Nikamfungia mlango. Ilipita miaka minne ndipo bwana shamba Renatus akaniuliza tulipulizia nini na saa ngapi. "Mliua nyuki, mama," akasema. "Ua la boga bila nyuki halizai." Tangu siku hiyo najua, na ni miaka tisa sasa sijavuka njia kwenda kumwambia. Kila Jumapili nilisema wiki ijayo. Leo miguu haipo. Onesphory, utakwenda wewe, kesho asubuhi, useme mbele ya watoto wake kwamba mama yako alimsingizia, na alipojua ukweli akanyamaza. Usipunguze neno.

Hilaria, giligilani ikitoa maua usiing'oe. Nyigu wembamba wanakula pale, halafu wanakwenda kutaga ndani ya viwavi wa kabichi, na viwavi hao hawafiki mbali. Beseni la maji liwe na mawe, nyuki wapate pa kusimama wasizame. Magugu ya kando ya ua msiyachome, wadudu hawa wema wanalala humo. Ukiona majani yametobolewa kidogo, vumilia, mchukue mdudu kwa mkono, utazame kwanza ni nani kabla hujamponda.

Nipe maji. Kidogo tu.

Nizikeni kando ya baba yenu. Hotuba ziwe fupi, watu wa hapa kijijini Daudi wana kazi zao.

Onesphory, usidhani nimekunyima kwa kuwa sikupendi. Nimekunyima kwa kuwa nakujua, una haraka, na nina hasira nawe hata sasa, nisingependa kuondoka nayo lakini... sijaweza bado. Mungu awape mvua kwa wakati wake. Awape kusikilizana ninyi wawili. Hilaria, akupe nguvu za... za mikono yako. Na wewe, Onesphory baba yangu, lete kichwa nikubariki. Karibu zaidi. Mkono haufiki. Inama, mwanangu. Inama tena kidogo.