Fundi Mizani Aliyengoja Upepo Utulie

Ndugu, jamaa na majirani, wifi yangu ameniomba nisome mimi, maana anasema yeye akisimama hapa atamgombeza marehemu mbele za watu. Nimekubali, ingawa sina hakika kama amechagua mtu mpole zaidi.

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Mizani, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1964 katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la baba yetu, akiwa kifungua mimba. Mama alikuwa akisema kwamba hata kuzaliwa alichelewa: mkunga alichoka kusubiri, akaenda kunywa chai, na hapo ndipo mwenyewe akaona wakati umefaa.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kituo cha mabasi, kisha sekondari ya ufundi, akamaliza mwaka 1983. Katika mtihani wa mwisho wa fizikia aliambiwa apime mwendo wa jiwe lililofungwa kwenye uzi. Akapima, akarudia, hakuridhika, akarudia tena, mpaka kengele ikalia akiwa bado kwenye swali la kwanza. Mwalimu wake alimwambia baba kwamba jibu lile moja lilikuwa zuri kuliko yote darasani, na kwamba amefeli.

Mwaka 1985 aliajiriwa kwenye karakana ya mizani, akabaki huko mpaka alipostaafu. Alizunguka na sanduku lake la mawe ya shaba ya kupimia uzito, akikagua mizani za mabucha, za maghala na za kliniki za watoto wachanga. Wenye mabucha walimwogopa, akina mama wa kliniki walimpenda. Msemo wake mnaujua: "Kipimo kimoja ni uvumi." Kazini msemo huo ulimpa heshima. Nyumbani ulitutoa roho.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992. Wifi anasimulia kwamba alipoposwa alikubali papo hapo, lakini kesho yake asubuhi kaka alirudi mlangoni, shati limepigwa pasi, akauliza upya. "Jana uliitikia ukiwa umechoka," akamwambia. Wifi akacheka, akaitikia mara ya pili. Anasema angejua, angemfungia mlango. Walijaliwa binti mmoja.

Sasa nije kwenye visahani, maana siwezi kuviruka. Alipostaafu, jirani yake, mwalimu wa udereva tunayemwita Kona, alimfundisha gofu ya visahani kwenye bustani ya manispaa. Unarusha kisahani cha plastiki mpaka kiingie kwenye kikapu chenye minyororo. Mtu mwingine angerusha akarudi kula. Kaka alinunua viwili vya masafa ya kati, cha njano na cha buluu, akataka kujua kipi kinatulia zaidi hewani: kipi kinakwenda moja kwa moja upepo ukija usoni, na kipi kinapinda kushoto mapema. Tatizo ni kwamba kila kisahani kinapogonga mti, ukingo wake unalainika, na kesho hakiruki kama jana. Kwa hiyo kila jaribio liliharibu jaribio lililotangulia. Akanunua vipya, akaanza upya.

"Bwana wee," Kona alimwambia, "unapima maji ya ndoo huku unayachota!"

"Ndiyo maana lazima nirudie," akajibu kaka.

Mwezi wa nne mwaka 2023 alipata uvimbe chini ya kwapa la kulia. Daktari alisema utolewe mwezi wa sita, ungali mdogo, na kwamba mkono ungepungua nguvu kidogo. Kaka akakataa. Alisema mkono ukibadilika, ulinganisho wote umekufa, kwa hiyo asubiriwe amalize na vile viwili. Daktari alitutazama sisi, sisi tukatazama sakafu.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Wifi alivificha visahani ndani ya debe la mchele, kaka akavipata. Binti yake alilia, akanyamaza, akalia tena. Mimi nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, na sijayafuta. Mwezi wa saba akasema upepo ni mkali mno kwa kulinganisha. Mwezi wa nane akasema upepo umebadili upande. "Ukitulia tu, nakwenda," alisema. Mwezi wa tisa alikwenda, na daktari akasema kisu hakina kazi tena.

Wiki yake ya mwisho wodini alikuwa na akili zake timamu. Alasiri moja, saa ya kuona wagonjwa, tulikuwa mimi, wifi na Kona. Kona alitaka kumchangamsha.

"Haya, Fundi. Tuambie basi. Kipi?"

"Viko sawa," akasema kaka. "Hakuna tofauti ya maana. Nilijua tangu mwezi wa tano."

Wifi aliweka kikombe chini. "Mwezi wa tano? Sasa ulikuwa unasubiri nini, baba?"

"Niliogopa kisu," akasema kaka. " Mtu mzima kama mimi, ningewaambieni nini?"

Alifariki tarehe 2 Desemba 2023, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, binti, mdogo wetu wa mwisho, mimi, na rafiki yake Kona ambaye tangu siku hiyo hajaenda bustanini. Niliambiwa wasifu usiwe na hasira. Ninayo, na nitaondoka nayo hapa. Miezi yote ile tuligombana na mtu mkaidi, tukabishana juu ya plastiki na upepo, tukampigia kelele, tukamnunia. Kumbe aliyekuwa mbele yetu alikuwa mtu mwenye hofu. Mkaidi tulijua kumkaripia. Mwenye hofu tungemshika mkono, tukaenda naye.

Pumzika kwa amani, kaka. Ungesema tu.