Chama cha Mto na Mama Kavugho

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena hata mlangoni, na wewe Arthur weka hiyo simu chini. Nyumba hii ya Lubunga ni ya mama yenu Colette mpaka siku atakayonifuata, asije tonton yeyote, ndugu yangu yeyote kutoka Yanonge, akamtoa kwa jina la ukoo. Pirogue, mtumbwi wangu, na mota yake nampa binti yangu Orpha, kwa sababu ndiye aliyekuwa akinivusha mto kwenda hospitali bila kununa.

Sasa chama. Arthur, najua vijana wameshaanza kukuita président, na najua unangoja niseme neno. Chama chetu cha Mto hakijawahi kuwa kikubwa. Tulipata kiti kimoja tu katika baraza la jimbo, tukakipoteza. Lakini tulisema jambo letu bila kuyumba: kodi ya jimbo letu la Tshopo itengeneze kwanza barabara za Tshopo, na mama anayeleta mihogo kutoka Bengamisa asinyang'anywe gunia kwenye kila kizuizi, kwa kuwa jasho la mtu ni mali yake. Tulipofukuzwa ofisini, nani alitufungulia depo yake, ghala lake? Mama Kavugho. Miaka yote hiyo tulikaa juu ya magunia yake ya maharage tukibishana, naye akipimia wateja huku akitusahihisha.

Halafu juzi, mimi nikiwa hapa kitandani, mkaenda kuchagua wa kushika nafasi yangu, jina la Mama Kavugho likatajwa, na wewe mwanangu, mbele ya watu wote, ukamwuliza: "Mama, kijiji ya babu yako iko wapi?" Nimeambiwa alijibu, "Miye kijiji yangu ni Kisangani," na watu wakacheka. Mlicheka ndani ya depo yake. Baba yake alikuja na vitunguu kutoka Butembo, jimbo jingine, ndiyo, lakini yeye kazaliwa hapa, kaolewa hapa, kazika watoto hapa. Tangu nisikie hayo silali, na si ugonjwa huu wa tumbo unaoninyima usingizi. Naona aibu, naumia, kwa sababu tulianzisha chama ili Kinshasa isituulize sisi ni akina nani, na leo ninyi mnamwuliza yeye.

Basi nasema hivi, na Orpha uwe shahidi. Arthur, vuka leo, nenda mpaka mlangoni pake, usitume mtu, umwombe msamaha, kisha umwombe aongoze. Ukifanya hivyo utakuwa katibu wake na utajifunza kazi. Ukishindwa, bon, msigombane. Chukueni bendera ya chama mnifunike nayo, tuzikwe pamoja, muwaambie watu kwamba mzee na chama chake wameondoka siku moja.

Nijibu, mwanangu. Neno moja tu.

Unatazama dirisha. Colette, mwache, mtu halazimishwi jambo kama hili. Ngoja nipumue.

Mungu awalinde nyote... na wewe pia, Arthur, wewe hasa, sikunyimi baraka kwa sababu ya hili. Uzae, uheshimiwe, na asitokee mtu wa kukuuliza unatoka wapi. Orpha... lete bendera, iko kabatini. Anza miguuni, mama. Huko kumeshapoa.