Hatutachimba Kaburi la Mwalimu Hansa

Familia, walimu wenzangu, majirani wa Munyaka, hamjambo. Mimi ni Rosebella, wifi yake marehemu, nilifundisha naye miaka ishirini na mmoja, na nitasoma polepole ili hata watoto waliokuja wafuate.

Mwalimu Hansa Vaghela Nyongesa alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 hapa Eldoret, mtoto wa pili wa fundi wa nguo Jayantilal Vaghela na mkewe Kanta, akasomea hapa mjini, akafuzu ualimu mwaka wa 1978, na tangu Januari 1979 akafundisha darasa la kwanza hadi alipostaafu mwaka wa 2016. Tarehe 6 Agosti 1983 aliolewa na ndugu yangu Maurice Nyongesa, karani, wakajaliwa Dennis na Sylvia. Alijifunza kusonga ugali, akajifunza Kibukusu, lugha yetu, lakini sala zake za Kihindu hakuziacha.

Mwaka wa 2009 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Alipotoka hospitalini alinunua daftari, akaketi kwenye dawati la mbele katika darasa lake mwenyewe huku mimi nikifundisha, akaandika herufi kwa mkono wa kushoto pamoja na watoto, na mmoja akamwambia, "Mwalimu, hiyo a yako imelewa!" Alicheka hadi akashika meza. Mimi niliulilia ule mkono, naye akaniambia kwamba dini yake inafundisha kuwa mwili hubadilika kila siku, tangu utotoni hadi uzeeni, na kwamba yeye hana nafasi ya kugombana na jana, ana kazi ya leo. Muhula uliofuata alirudi ubaoni.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, na mwaka huu akafariki Alhamisi, tarehe 13 Juni 2024, katika hospitali ya Plateau, akituachia ombi moja, mwili wake uchomwe, majivu yaende mto Sosiani.

Siwafichi, jana tuligombana. Mzee Wakoli, kaka yetu mkubwa, aliuliza, "Mke wetu achomwe kama takataka? Watu wa kwetu Webuye nitawaonyesha kaburi gani?"

Maurice akamjibu, "Mzee, miaka arobaini yeye ndiye amebadilika kwa ajili yetu. Mara hii moja tubadilike sisi."

Mzee akauliza kuni zitatoka wapi. Leo Dennis atawasha moto, na Mzee atasimama kando yake.

Asanteni madaktari na wauguzi wa Plateau, asanteni majirani mliopika na kukesha nasi, asanteni walimu.

Wifi yangu, kanisani kwetu tumezoea kumwambia mtu apumzike, lakini wewe uliamini bado kuna safari. Basi endelea kwa amani.