Nehemiah Shikanga, Karani wa Mtelezo wa Maji

Tarehe 29 Februari 1996 Bwana Nehemiah Shikanga atakabidhi funguo za chumba cha mizani na kustaafu, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha sukari kwa miaka ishirini na miwili kamili. Aliandikwa kazi tarehe 1 Machi 1974. Ni yeye tu angeweza kustaafu siku inayokuja mara moja kwa miaka minne, na wenzake wa mizani wanasema amefanya makusudi ili tusimsumbue na sherehe za ukumbusho.

Kwao ni Malinya, na hilo hakumwachia mtu asijue. Kule kwao Ikolomani mzee wa heshima hazikwi bila mafahali kupigana, kwa hiyo kila Nehemiah alipoleta barua ya kuomba ruhusa ya matanga, mkubwa wake alimuuliza kwanza ni nani amefariki, halafu ni fahali wa nani anapigana. Siku moja Nehemiah alijibu swali la pili kabla ya la kwanza. Ruhusa alipewa.

Alianza kama karani wa stoo. Mwandiko wake ulikuwa safi mno hata wakubwa walimpelekea barua zao za posa azinakili. Miaka ile sukari ilikuwa sukari kweli. Trela za miwa zilipanga foleni hadi barabara kuu, mabati mapya yalimetameta kila kijiji, na kiwanda kikaamua kufungua klabu yenye bwawa la kuogelea. Mwaka 1980 mafundi wa karakana wakaongeza mtelezo wa maji. Waliunganisha mabati mazito, yale yale ya kushushia sukari ghalani, wakayaegemeza kwenye mnara wa vyuma, wakafungulia maji yatiririke juu yake. Ukikaa kule juu ukajiachilia, ulishuka kwa kasi mpaka bwawani. Watu walitoka Kakamega mjini kila Jumapili kuja kuteleza. Nehemiah akahamishiwa klabu kukata tiketi, akafurahi hata akanunua kofia ya kazi kwa fedha zake mwenyewe.

Kabla ya kuteleza, kila mtu mzima alitakiwa kutia sahihi fomu ya Kiingereza iliyosema kwamba ameelewa hatari za mtelezo na hataidai kampuni akiumia. Kwa asiyejua kusoma palikuwa na nafasi ya dole gumba, na chini yake mstari wa karani kuthibitisha kwamba amemsomea mhusika kwa lugha anayoielewa. Wakulima wetu walizoea dole. Waliweka dole kuchukua mbolea, wakaweka dole kuchukua mbegu, wakaweka dole kupokea malipo ya miwa. Karatasi ikija na wino, walijua kuna kitu wanapewa.

Januari 1982 kulikuwa na Siku ya Wakulima, na kiwanda kiliwaalika wote na familia zao wateleze bure. Siku hiyo hiyo palikuwa na matanga makubwa Malinya, na kuhusu mafahali sisemi. Ili kazi isilale, Nehemiah alitia sahihi fomu mia mbili asubuhi, kabla mtu yeyote hajafika. Kisha akaiacha meza kwa karani msaidizi aliyekuwa na miezi mitatu tu kazini, akamwagiza afanye upesi, wino, dole, tiketi, akaenda kupanda basi. Karani huyo msaidizi ni mimi, Bramwel Makhanu, ambaye leo ni ofisa utumishi wa kiwanda hiki na mwandishi wa wasifu huu.

Kiangazi kilikuwa kikali mwaka ule. Mto ulipungua, na jana yake kiwanda kilikuwa kimevuta maji ya bwawa ili mitambo isisimame. Asubuhi maji yalikuwa chini ya alama nyekundu kwa kadiri ya mkono mzima, na hakuna aliyefunga mtelezo. Watoto waliteleza saa nyingi wakaibuka wakicheka, kwa kuwa ni wepesi. Saa saba hivi alipanda Jescah Ayuma, mkulima wa miwa kutoka upande wa Butali, mama wa watoto wanne, mtu wa mwili na wa mzaha, wenzake wakimpigia vigelegele kutoka chini. Mlinzi wa juu alikuwa ameenda kula. Jescah alishuka, akapita maji yote, akagonga sakafu ya saruji, na uti wa mgongo ukavunjika. Hakusimama tena maishani mwake.

Kesi yake ilisikilizwa Kakamega mwaka 1984. Wakili wa kampuni hakubishana sana kuhusu maji, maana alama nyekundu ilionekana na kila mtu. Alishikilia fomu. Alisema mama huyu alisomewa hatari akazikubali kwa hiari yake, dole lake hili hapa na sahihi ya karani hii hapa, basi aliyekubali hatari asimlaumu mwingine. Kama jaji angekubaliana naye, Jescah angerudi Butali mikono mitupu, na mgongo ule ungekuwa mzigo wa watoto wake peke yao. Kwa hiyo jambo zima liliegemea swali moja: alisomewa au hakusomewa?

Ofisini tulikuwa tumekwisha kuambiwa la kusema. Mimi niliandika maelezo kwamba wakulima wote walisomewa. Niliyaandika kwa mkono huu, kwa mwandiko wa haraka, nikiwa na mke mjamzito na kibarua kichanga, na sitaki mtu anitafutie sababu nyingine. Nehemiah hakuandika. Alisema tu kwamba atasema mbele ya jaji, nao wakadhani ni yale yale.

Siku ya kesi niliketi kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama, nikiwa shahidi wa pili. Joto lilikuwa jingi na mlango uliachwa wazi, kwa hiyo nilisikia kila neno. Wakili alimpa Nehemiah fomu, akamwomba athibitishe sahihi yake na kwamba alimsomea mama huyu.

"Sahihi ni yangu," Nehemiah alisema. "Lakini huyu mama hakusomewa. Hizi karatasi zote niliziweka sahihi asubuhi, watu hawajafika, nikaenda matanga kwetu. Hata sikukuwa hapo."

Wakili akaketi kama aliyesukumwa. Jaji ndiye aliyeuliza basi ni nani alikuwa mezani. Nilisikia benchi langu likilia chini yangu.

"Mheshimiwa, mwenye kuahidi kusoma ni mimi," Nehemiah alijibu. "Hilo jina lingine halina kazi hapa."

Jaji akaliacha. Mimi sikuitwa. Katika hukumu yake alisema mwenye mahali ana wajibu wa kuhakikisha mgeni wake yuko salama, kwamba bwawa lisilo na maji ya kutosha lilipaswa kufungwa, na kwamba huwezi kusema mtu amekubali hatari ambayo hakuna aliyemweleza. Kampuni ikaamriwa kumlipa. Mtelezo ulibomolewa mwaka huo huo, na mabati yake yakarudi ghalani kushusha sukari.

Nehemiah hakufukuzwa, kwa kuwa magazeti yangeuliza. Alipelekwa mizani, na huko cheo chake hakikupanda hata ngazi moja kwa miaka kumi na miwili. Mimi nilipanda ngazi nne. Kila mwaka jina lake lilipoletwa kwenye kamati ya vyeo, nilikuwa nimeketi kwenye kiti changu, na kila mwaka nilitazama meza.

Hata hivyo mizani ilimpenda. Madereva wa trekta walijua zamu yake na walingoja mpaka aingie, kwa kuwa miwa aliyoipima ilibaki vile vile kwenye karatasi. Mkulima mmoja alimletea ingokho ya shukrani, Nehemiah akaikataa, katika kurudishiana ikaponyoka ikaingia chini ya mizani, na kazi ikasimama nusu saa wanaume saba wakiwa wamelala kifudifudi. Kwenye kitabu cha zamu aliandika kwamba mizani ilichelewa kwa sababu ya kuku mmoja asiye na tiketi.

Kuna jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Kila mwezi, tangu kesi iishe, Nehemiah alikwenda Butali. Jescah alikuwa ameapa kutoweka dole kwenye karatasi yoyote mpaka yule karani aliyesema kweli amsomee. Barua za mawakili, mkataba wa miwa, fomu za shule za watoto, zote zilimngoja kando ya kitanda. Nehemiah alizisoma polepole kwa Kiluhya, tangu juu mpaka chini, hata pale alipoambiwa kwamba mtoto anayeombewa nafasi ya shule amekwisha kuipata. Alifanya hivyo mpaka Jescah alipofariki mwaka 1993.

Mimi sikwenda hata mara moja. Hata mazishini nilituma rambirambi kwa barua ya ofisi.

Mwezi uliopita, tukijaza karatasi zake za kustaafu, nilimuuliza Nehemiah kama Jescah aliwahi kujua ni nani alikuwa mezani siku ile. Sijui kwa nini nilichelewa kuuliza. Aliweka kalamu chini.

"Alikujua," alisema. "Alijua jina lako hata kabla ya kesi. Kila nikienda huko anaulizanga kama umekuja na mimi. Alikuwa anakungojanga, Makhanu."

Jaji hakusikia sehemu ninayotaka kuisema sasa, wala Nehemiah hakuisema mahakamani, ingawa Jescah alikuwa amekwisha kumwambia. Mama yule hakuweka dole kwa mazoea kama wengine. Alipofika mezani alishika fomu, akaitazama, akaniuliza inasema nini. Foleni ilikuwa ndefu. Mimi nilikuwa nimeisoma fomu ile na niliijua yote. Nilimwambia, "Ni ya tiketi tu, mama." Alicheka, akaweka dole, akanishukuru.

Nehemiah amelibeba kosa la kutosoma kwa miaka kumi na minne, na kweli lilikuwa lake nusu. La kudanganya lilikuwa langu lote. Mkurugenzi mkuu amekwisha kusoma ukurasa huu na anajua kwamba barua yangu ya kuacha cheo iko mezani kwake. Watoto wa Jescah, wawili kati yenu mnalima miwa yetu na jarida hili huwafikia. Msiulize tena ni kijana gani alimdanganya mama yenu.

Bwana Shikanga, kwa niaba ya wafanyakazi wote tunakushukuru kwa miaka ishirini na miwili ya kazi safi, kwa mwandiko wako, kwa kuku wetu wa mizani, na kwa siku ile ya mahakamani. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha shambani, na majirani wenye mafahali wakali. Jumamosi hii nitakwenda Butali kumwambia mama kwenye kaburi lake kile karatasi ilichosema, na kuwaambia watoto wake. Usinisindikize. Umenibebea vya kutosha. Kastarehe Malinya na watu wako.