Nilinyoa Kidevu Kisicho na Ndevu

Bwana asifiwe, wapendwa. Asanteni kwa kunipa nafasi Ijumaa hii. Sauti yangu inakwaruza, mnivumilie, bado ni ngeni hata kwangu.

Naitwa Simiyu, mzaliwa wa Bungoma, na hapa Doha ni mlinzi. Nilitahiriwa pamoja na marika yangu kwa mila zetu, nikasimama bila kupepesa jicho, wazee wakasema huyu sasa ni mwanaume. Ndugu zangu, mwili wangu haukusikia. Wenzangu walibalehe, sauti zikawa nzito, ndevu zikaota, mabega yakapanuka. Mimi nilirefuka mikono na miguu tu. Nilifika miaka ishirini na minne nikiwa na sauti ya mtoto wa shule ya msingi.

Nilikuja Qatar kutafuta kazi, ndiyo, lakini zaidi nilikimbia kuulizwa nitaoa lini. Sikufika mbali. Kwenye kempu yetu ya wafanyakazi kule Muaither tunalala wengi chumba kimoja na bafu ni la wote, mambo ya mwili hayafichiki. Waliniita Bebi. Getini watu waliniuliza mlinzi yuko wapi. Nikimpigia simu mkubwa wa zamu, alisema, "Mtoto, mpe baba simu." Mnacheka. Hata mimi nilicheka nao, kisha nikaingia chooni nikalia.

Jambo hili nililileta kwenye maombi, hapa hapa Fereej Bin Mahmoud. Mlinipenda, sina kinyongo. Mliniambia imani ni kutenda kama mtu aliyekwisha kupokea. Basi nikanunua wembe na povu, na kila Ijumaa kabla ya ibada nikanyoa kidevu kisicho na unywele hata mmoja. Nyoa kwa imani, Simiyu! Nikanyoa mpaka ngozi ikatoka vipele. Nikafunga, nikakonda, nikazidi kuonekana mtoto. Ndugu zangu, ni uchungu kuomba kwa machozi kitu ambacho hata beberu hupewa bure. Nilifika mahali nikamwambia Mungu anichukue tu, na nilimaanisha.

Siku moja mchana, Okello, Mganda tuliyelala naye chumba kimoja, alirudi kutoka kazini akanikuta jikoni nakunja nguo. Mtungi wa gesi ulikuwa unavuja. Alifungua dirisha akikohoa.

"We Simiyu, unataka kutumaliza? Gesi imejaa nyumba nzima na wewe umekaa tu!"

Nikamwambia sijasikia harufu yoyote. Sijawahi kusikia harufu tangu nizaliwe. Watu wakisifu harufu ya chapati nilidhani wanatia chumvi. Okello alinitazama sana, halafu akasema, "Vaa viatu, twende hospitali."

Daktari alikuwa Msudani mpole. Aliniuliza mara mbili kama kweli sinusi kabisa. Akatazama kidevu changu, akapima mikono, kisha akauliza, "Ulibalehe lini?" Miaka yote ile hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo kwa upole. Nililia tu.

Baada ya kupima damu na kupiga picha ya kichwa, alinieleza. Ndani ya ubongo kuna chembe zinazotoa amri mwili ubalehe. Amri hufika kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, nayo tezi hutuma homoni kuziamsha korodani. Mtoto akiwa tumboni mwa mama, chembe hizo husafiri njia moja na mishipa ya kunusa. Kwangu zilikwama njiani pamoja. Ndiyo maana sinusi, na ndiyo maana amri haikutoka. Si pepo, si laana ya ukoo.

Msidhani nilitoka pale nikirukaruka. Alisema kunusa hakutarudi. Alisema kupata mtoto kunahitaji matibabu mengine, na hawezi kuniahidi. Alisema ningeletwa nikiwa na miaka kumi na mitano ningeanzishiwa dawa mapema. Miaka yangu yote ya ujana, ndugu zangu, nani atanirudishia? Nilianza sindano, miezi ikapita bila kitu. Kisha zikaja chunusi na hasira za ghafla, mtu mzima mimi, na sauti ikawa inanikatikia getini katikati ya salamu.

Lakini sauti nzito ilikuja. Namshukuru Mungu aliyemtuma Okello mlangoni. Mwaminini yeye, na ukiwa na kijana ambaye wenzake wamebadilika na yeye bado, mwombee mkiwa njiani kwenda kwa daktari.

Niseme la mwisho niketi. Juzi nilimpigia mama. Tulikuwa hatujaongea muda, nilitaka asikie mwenyewe. Nikasema, "Mama, habari za huko?" Sauti hii nzito hakuijua. Mnajua habari za msiba zinavyofika nyumbani kutoka huku, mwanaume mgeni anapiga kwa simu ya mwanao. Mama aliangusha simu akapiga ukemi. Nilisikia majirani wakikimbilia kwetu, nikasikia jina langu likililiwa, na mimi huku napiga kelele, "Mama, ni mimi, niko mzima."

Jirani mmoja aliokota simu, nikamwita kwa jina lake na la mumewe, akamrudishia mama.

"Hebu niite tena," akasema.

"Mama."

"Tena."

Nikamwita tena. Mungu awalinde, wapendwa.